Kidirisha

Kwenye fomu ya halmashauri pana kisanduku cha cheo.
Sudi Mhina akaandika: dereva, daraja la pili.
Nami nikaandika: muuguzi.
Hapakuwa na pa kukiandika kidirisha,
kile kilicho baina yake na mimi, kipana kama daftari,
kioo kimekwaruzika, hakifungi mpaka mwisho,
na vumbi jekundu la Maramba limeganda pembeni.

Miaka sita namjua mtu kwa kisogo.
Nalijua kovu la jipu shingoni mwake,
na ukosi wa shati la kaki
alioushona mwenyewe kwa uzi wa bluu.
Yeye ananijua kwa sauti.
Huuliza: "Vipi?"
Nami hujibu: "Bado."
Neno hilo lina vyumba vingi:
bado anapumua, bado hajajifungua,
bado hatujafika, bado usikate tamaa.
Sudi husikiliza nimeingia chumba gani,
kisha hubadili gia.

Simu hupokewa na Riziki Semkiwa,
ambaye hajawahi kupanda gari hili hata siku moja,
gari humtapisha.
Ana daftari, kalamu mbili na chaja ya kuazima.
Haulizi damu ni kiasi gani, nani atajua?
Huuliza: "Imelowesha khanga ngapi?"
Wakisema mbili, hutuamsha kwa majina.
Wakisema tatu, huanza kupiga kelele kabla hajafika mlangoni.

Na kule Bombo anasubiri Kibwana,
msukuma machela, miaka hamsini na miwili,
madaktari wa mafunzo humwita "we kijana".
Gurudumu moja la machela yake huvuta kushoto
naye huliegemea kwa paja, kama mtu anayemzuia mbuzi.
Daima huingiza miguu mbele.
Nilimuuliza. Akasema,
"Mgonjwa aone anakokwenda. Dari peke yake linatisha."

Usiku wa Julai, khanga tatu, Daluni.
Binti na mama mkwe wake.
Mashimo, mkonge kulia, mkonge kushoto,
daraja ambalo Sudi hulipita kwa bismillahi na gia ya kwanza.
"Vipi?" "Bado."
"Vipi?" "Bado, Sudi, twende."
Mabokweni tukaikuta lami,
gari likatulia, nikasikia vizuri
kile ambacho sikuwa nakisikia tena.

"Vipi?"
Mikono yangu ilikuwa kazini. Iliendelea kuwa kazini.
"Vipi, dada?"
Tulipofika Amboni nikauweka mkono kwenye kioo, kiganja wazi.
Nadhani alikiona kwenye kile kioo chake kidogo cha juu.
Akazima king'ora.

Mama mkwe alikuwa akimpepea mkwewe kwa upindo wa khanga.
Akauliza, "Mbona kimya?"
Na Sudi, ambaye humbishia hata trafiki
kwa sababu hawezi uongo,
akajibu bila kugeuka:
"Barabara nyeupe, mama. Hatuna wa kumpigia."
Akasema, "Alhamdulillah," akaendelea kupepea.
Hadi Chumbageni. Hadi getini.
Mwendo haukupungua hata kidogo.

Kibwana hakusikia king'ora, kwa hiyo alijua.
Akaja na machela hivyo hivyo, mbio hizo hizo,
paja kwenye gurudumu,
akamwingiza miguu mbele.

Alfajiri Sudi aliosha gari kwa ndoo nne.
Chini ya benchi akakuta soksi moja ya mtoto, ya manjano,
bado ina uzi wa dukani.
Akaianika juu ya kioo cha pembeni.
Sikumuuliza ataifanyia nini.
Saa moja kasoro Riziki akapiga: Maramba, mzee, kifua.
Tukapanda, yeye mbele, mimi nyuma.

Fomu yangu imerudi wiki hii.
Imepigwa mstari mwekundu:
*maelezo ya kazi hayatoshi.*
Iko mapajani sasa, tunarudi, machela tupu inagongagonga,
na Sudi anauliza kidirishani kama nimemaliza kuijaza.

Bado.